Vinanda Vikongwe vya Berlin na Bei Inayowafukuza Wapigaji

Jiji la Berlin lina watu wengi wenye mapenzi makubwa na sinthesaiza za analogia, yaani vile vinanda vya umeme vya miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ambavyo sauti yake huzaliwa ndani ya saketi zenyewe, volti ikipanda na kushuka katika transista na kapasita, bila sauti hiyo kukokotolewa kwa tarakimu. Mimi ni mtu wa Tanga. Ufundi wa redio nilijifunza kwa mjomba wangu pale Ngamiani, mchana huku ughaibuni natunza lifti za majengo ya ofisi, na jioni nakaa na wenzangu katika karakana moja ya mtaa wa Neukölln tukifungua vinanda ambavyo baadhi yake vina umri mkubwa kuliko wanaovitengeneza. Nimekaa na watu hawa muda wa kutosha kuwapenda, na muda wa kutosha pia kuliona jambo linalonikera: ala hizi zilipata heshima yake kwa sababu vijana wasio na fedha walizinunua zilipokuwa zimedharauliwa, na leo kijana wa aina ileile hawezi hata kuziota.

Historia yenyewe haina siri. Mwaka 1980 kampuni ya Roland ya Japani ilitoa TR-808, mashine ya kupiga midundo ambayo ngoma na matoazi yake hayakurekodiwa popote, bali yalitengenezwa na saketi. Wengi waliona haifanani na ngoma za kweli, na uzalishaji wake ukasimamishwa mwaka 1983 baada ya kutengenezwa takriban 12,000. Dada yake, TB-303, iliyotoka mwaka 1981 ili kumpigia besi mpiga gitaa asiye na bendi, ilishindwa vibaya zaidi sokoni. Kisha mwaka 1983 Yamaha wakaleta DX7, kinanda cha kidijitali chenye sauti safi isiyopotea tuni, na wenye uwezo wakaanza kuviuza vinanda vyao vya zamani kwa bei ya kutupa. Huko Chicago na Detroit, vijana weusi waliookota mashine hizo katika maduka ya vitu vilivyotumika hawakuwa na haja ya kuiga gitaa la besi. Kundi la Phuture la Chicago liliichukua 303 likawa linazungusha vishikizo vyake huku mashine inaendelea kupiga, mpaka sauti ikawa inalia na kujikunja, na kufikia mwaka 1987 santuri yao ilikuwa imeanzisha aina nzima ya muziki. Detroit nako Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson walikuwa wakijenga kile ambacho dunia iliita tekno.

Muziki huo ulifika Berlin wakati mwafaka. Ukuta uliougawa mji ulipoanguka mwaka 1989, upande wa mashariki ulijaa majengo matupu yasiyo na mwenyewe wa kuuliza, na mwaka 1991 klabu ya Tresor ilifunguliwa katika chumba cha kuhifadhia fedha chini ya mabaki ya duka kubwa la zamani la Wertheim. Wanamuziki wa Detroit walialikwa mapema kabisa, na uhusiano wa miji hii miwili haujakatika mpaka leo. Mwezi Machi 2024 Ujerumani iliuingiza utamaduni wa tekno wa Berlin katika orodha yake ya kitaifa ya urithi usioshikika. Nililisoma tangazo hilo kwa furaha yenye shaka kidogo, kwa kuwa katika mikusanyiko yetu bado hutokea mtu, mwenye nia njema kabisa, akaniuliza kuhusu ngoma za kwetu kana kwamba nilikuja nazo kwenye begi, na papo hapo akashangaa nikimwambia kwamba muziki anaoucheza kila Jumamosi ulibuniwa na vijana weusi wa Marekani.

Lakini ufundi ndio ulionifungulia mlango, na ni haki niueleze. Kinanda kinachofika mezani kwetu mara nyingi ni Juno-106, kilichotolewa na Roland mwaka 1984. Kina uwezo wa kutoa sauti 6 kwa pamoja, na kila sauti ina chipu yake iitwayo 80017A, ambayo imebeba kichujio cha kupunguza ukali wa sauti pamoja na kikuzaji chake. Kiwandani chipu hizo zilifunikwa kwa gundi nzito nyeusi iliyokauka ikawa ngumu, kwa nia ya kuzilinda, na kinga hiyohiyo ndiyo iliyokuja kuziua: miaka inavyokwenda, gundi huanza kupitisha umeme mahali pasipotakiwa, na sauti moja kati ya zile 6 hukwaruza, au huendelea kulia baada ya kidole kuondoka, au hunyamaza kabisa. Kumtafuta mgonjwa si kazi ngumu. Unashikilia kitufe cha Key Transpose huku unawasha umeme, kinanda kinaingia katika hali ya majaribio, na kila ukibonyeza noti kioo kidogo kinakuonyesha namba ya sauti inayolia. Unabonyeza taratibu huku umetega sikio: ya kwanza nzima, ya pili nzima, ya tatu inavuma upepo mtupu.

Hapo bodi hutolewa, miguu ya chipu huyeyushiwa risasi mmoja baada ya mwingine, na chipu yenyewe hutumbukizwa ndani ya chupa ya asetoni, dirisha likiwa wazi hata kama nje kuna theluji. Baada ya siku moja au zaidi gundi inalainika na kubanduka kama utando wa ugali kwenye sufuria iliyolowekwa, na chini yake unaona vijisaketi vidogo vilivyokuwa gizani kwa miaka 40. Nyingine hufufuka. Zisizofufuka hubadilishwa kwa chipu mpya zinazotengenezwa na mafundi wadogo waliokaa chini wakaichora upya saketi ile, kwa sababu kiwanda kiliacha zamani kuitoa. Mwisho hurekebishwa skrubu ndogo za kila sauti mpaka zote zifanane, na kazi hii ya mwisho, ambayo wengi huiharakisha, ndiyo inayomtenga fundi na mbabaishaji.

Wapenzi wa ala hizi wana ukarimu ambao sikuutarajia katika mji ambao jirani anaweza kukaa mwaka mzima bila kukusalimu. Michoro ya saketi hugawiwa bure, vipuri hubadilishanwa, na mtu akiwa na osiloskopu, kile chombo cha kuonyesha mawimbi ya umeme kwenye kioo, basi ni ya karakana nzima. Kila mwaka kuna maonyesho ya Superbooth, yaliyoanzishwa mwaka 2016 na Andreas Schneider, ambayo kwa miaka mingi yamefanyika katika kituo cha watoto na vijana cha FEZ kando ya msitu wa Wuhlheide, na humo utamkuta mtengenezaji mwenye jina kubwa amesimama nyuma ya meza yake mwenyewe akijibu maswali ya mwanafunzi. Tena Ujerumani ndiko Dieter Doepfer alikotoa mfumo wake wa A-100 katikati ya miaka ya 1990, mfumo wa vipande vidogo ambavyo kila mtu huvinunua kimoja kimoja na kuviunganisha kwa nyaya apendavyo. Kwa kuwa vipimo vyake vilijulikana kwa wote, mamia ya watengenezaji wengine wameufuata. Usiku, hata hivyo, mapenzi yote haya hufanyika kwa vipokea sauti vya masikioni, maana ikifika saa nne utulivu ni sheria, na jirani yule asiyesalimu ndiye huyo huyo atakayegonga mlango.

Ninapogombana na wenzangu ni juu ya kile wanachokiita roho ya analogia. Minimoog, kinanda alichokitoa Robert Moog mwaka 1970, ina vizalishaji vitatu vya sauti vinavyoendeshwa kwa volti, volti moja kwa kila oktavu, na kwa kuwa transista huathiriwa na joto, tuni yake huyumba mpaka ala ipate moto. Wapigaji huiwasha mapema kabla ya kurekodi. Kuyumba huko kudogo, vizalishaji vitatu visipokubaliana sawasawa, kunaipa sauti unene, na sikatai kwamba ni tamu. Ninachokataa ni bei inayojengwa juu ya utamu huo. TR-808 iliyouzwa Marekani kwa dola 1,195 ilipotoka, ikaja kuokotwa kwa fedha ya vocha, sasa huuzwa kwa maelfu ya euro, na mara nyingi mnunuzi ni mtu atakayeiweka rafuni iangaliwe. Nakala za kisasa za 303, zenye saketi ya analogia ileile kwa misingi yake, hupatikana kwa chini ya euro 200, na wenye ala za asili huzidharau. Mimi nimezifungua na kuzisikiliza. Ndani ya wimbo uliokwisha kamilika, mara nyingi siwezi kutofautisha, na sijamwona mchezaji aliyeacha kucheza kwa sababu mashine haikutoka mwaka 1981.

Mama akinipigia simu huuliza, "Mwanangu, na huko Ulaya nako mnatengeneza vibovu?" Vinanda alivyovisikia yeye, vilivyobeba taarabu ya kisasa tangu miaka ya 1990, vilikuwa kwa sehemu kubwa vya kidijitali, na hakuna aliyeona taarabu imepungukiwa na roho. Vijana wa Dar es Salaam wanaotengeneza singeli kwa kompyuta za bei ndogo wako karibu zaidi na wale wa Chicago kuliko mkusanyaji yeyote wa hapa, na nikiwapigia wenzangu singeli pale karakanani, wanaoelewa haraka ni wale wanaoijua Detroit.

Vijana wa kwetu waliofika huku karibuni huniuliza wanunue nini. Nawaambia wachukue nakala mpya ya bei nafuu waanze kazi. Akitokea mtu anauza Juno-106, wasitoe hata euro moja kabla ya kuzipima sauti zote 6, na waulize betri ya kumbukumbu ilibadilishwa lini, kwa sababu imelehemiwa kwenye bodi, na siku inapokwisha au kung'olewa, mipangilio yote 128 ya sauti iliyohifadhiwa hupotea. Ihamishwe kwanza kwenye kaseti. Tundu lake liko nyuma ya kinanda.