Swabu ilisema kizazi ni safi, kumbe wapi

Wenye mnanisoma hapa mnajua mimi ni saisi tu huku juu Molo, naamka saa kumi na moja kulisha na kuosha farasi za watu, sina digrii ya mifugo. Lakini stori ya huyu jike wetu Malkia lazima niiandike maana karibu tumuuze bure.

Malkia ana miaka 14. Amezaa mara tatu bila shida, halafu akakauka. Misimu miwili, kapandishwa mara tano, hakuna kitu. Na hawa ni farasi wa mbio, kuweka mbegu kwa mrija vile tunafanya ng'ombe hairuhusiwi, mtoto hatasajiliwa, lazima dume apande mwenyewe, sasa kila akipanda bakteria nazo zinaingia. Kwa jike mzima si neno, kizazi kinavimba kidogo kinajisafisha ndani ya siku moja mbili kimetulia. Shida ni hawa wenye umri, kizazi kimelegea kimening'inia chini, maji yanabaki huko ndani yanachacha.

Swabu, ile pamba ya kupangusa ndani ya kizazi, ilichukuliwa mara tatu, mara tatu maabara ikasema hakuna kilichoota. Bosi akaanza maneno ya kutafuta mnunuzi.

Mimi kilichokuwa kinanisumbua ni daftari langu. Jike huzunguka kama siku 21 hivi, lakini Malkia alikuwa anarudi kwa joto, yaani kutaka dume, siku ya 15, siku ya 16, mpaka nikadhani naandika tarehe vibaya. Akaja daktari mwingine, dada mmoja mpole lakini kwa usafi hana mchezo, akalisoma lile daftari amesimama mlangoni pa boksi, chumba cha farasi, akaniuliza hii ni hesabu yako? Nikasema ndio daktari. Akasema basi wewe umeshampima. Kumbe kizazi kikiwa na uvimbe hutoa ile homoni ya kumrudisha jike kwa joto kabla siku zake hazijafika!

Na ile swabu, alivyonielezea, ni kama kupima uchafu wa nyumba nzima kwa kupangusa tailsi moja. Kizazi cha farasi kina pembe mbili ndefu, unagusa hapa ugonjwa uko kule. Halafu kuna bakteria wanajifunika na utelezi wao wenyewe, na ile streptokoki ya farasi inaweza kuzama ndani ya ukuta wa kizazi ikalala tu, haikui, haizaliani. Watu wa Chuo Kikuu cha Copenhagen huko Denmark ndio walioichunguza sana hii, mpaka wakatengeneza maji ya kuweka kwa kizazi ili kuwaamsha hao bakteria ndio dawa iwapate. Maana penisilini humuua bakteria wakati anajenga ukuta wake akizaliana, akiwa amelala inampita hivi hivi. Nikakumbuka zile sindano zote tulizomdunga mwaka jana, pesa ya bure.

Sisi hayo maji ya Denmark hatukuwa nayo. Tulingoja aingie joto, maana hapo mlango wa kizazi uko wazi na kinga yake iko juu. Mkia tukaufunga bandeji, nikamuosha nyuma mara tatu na sabuni mpaka pamba ikatoka nyeupe. Daktari akaingiza mrija, akamwaga maji ya chumvi kidogo tu, kama mililita 100, akamkanda kizazi kwa mkono kupitia huku nyuma, halafu akayarudisha kwa mfuko. Akauinua kwa mwanga wa dirisha. Yaliingia kama maji ya kunywa, yametoka kama maji ya kuosha mchele, na vijinyuzi vinaelea. Hakusema kitu, alinionyesha tu. Hayo ndiyo yalienda maabara na safari hii streptokoki ikaota, na kipande kidogo cha nyama ya kizazi kikaonyesha uvimbe wa siku nyingi ila makovu si mabaya sana.

Kutibu sasa, kwanza ni kuosha, lita kwa lita mpaka yatoke meupe, oksitosini ili kizazi kijikamue, ndio penisilini ikafuata siku nne. Mkiruka kuosha mnaweka dawa juu ya usaha. Na msizidishe antibayotiki, fangasi ikiingia mtalia zaidi.

Halafu mdomo wa uke wake ulikuwa umeinama, akitembea unasikia kabisa unavuta hewa, na sisi miaka yote tunacheka ati Malkia anajamba! Hewa ilikuwa inaingia na mavi. Kwa hivyo joto lililofuata akapandishwa mara moja tu, tukangoja masaa sita mbegu ziwe zishafika kwa mirija ya mayai, tukamuosha tena, oksitosini tena, na alipomaliza kudondosha yai daktari akamshona sehemu ya juu ya huo mdomo wa uke.

Siku ya 15 kwa skani kulikuwa na duara jeusi kama sarafu, ndiyo mimba hiyo. Siku ya 28, moyo unapepesa. Bosi hajataja mnunuzi tena. Mimba ya farasi ni miezi 11, na ule mshono lazima ufunguliwe kabla hajazaa, la sivyo atachanika vibaya, kwa hivyo nimeandika tarehe kwa kalenda ya stoo na kalamu nyekundu na nyingine nimeibandika kwa mlango wa boksi lake, ile ya kwanza ameshaitafuna kona.