Tulivyopatana na wenye vinyungu kwenye chanzo chetu cha maji

Kwetu Kilolo, ukitaja kulinda chanzo cha maji wakati wa kiangazi, wenye vinyungu, yaani bustani za bondeni, wanajua unawataja wao. Vilima vikikauka, ni bondeni tu ambako udongo unabaki na unyevu, na mahindi mabichi na maharage ya humo ndiyo yanayolipa sare na madaftari. Kwa hiyo anayesimama mkutanoni akasoma kifungu cha 57 cha Sheria ya Mazingira ya 2004, kile kinachokataza shughuli zinazoharibu ndani ya mita 60 kutoka kwenye maji, hata akiwa na haki, kina mama wanasikia kwamba watoto wao wabaki nyumbani.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya maji, na nilishauri sheria tuiweke kando kwanza, tupime maji. Tulichukua chupa zilizotakaswa kwenye maabara ya maji Iringa mjini, tukakinga maji kwenye banio, pale yanapoingilia bomba, na bombani kijijini, tukazitia kwenye deli lenye barafu na kuziwahisha, kwa sababu sampuli ya vijidudu ikichelewa haifai. Majibu yakaja: bakteria wa kinyesi kote kuwili. Maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na hata mmoja katika mililita 100.

Karatasi hiyo iliposomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, mabishano yakageuka. Badala ya nani ana haki na bonde, watu wakaanza kuulizana kinyesi kinatoka wapi. Wenye vinyungu wenyewe ndio waliotaja ng'ombe wanaonyweshwa juu ya banio, kisha, kwa sauti ya chini kidogo, samadi yao inayosombwa na mvua za kwanza.

Ng'ombe hawakutusumbua: birika lilijengwa chini ya banio, basi. Kazi ilikuwa kwa mzee mwenye mikaratusi, miti inayokunywa maji sana, pembeni kabisa mwa chemchemi. Tulimfuata nyumbani, si mkutanoni.

"Mwanangu, hiyo ni ada ya wajukuu," alinijibu baada ya shikamoo. "Ukiing'oa leo, utawasomesha wewe?"

Sikuwa na jibu, na nadhani hakuna afisa aliyenalo. Tukakubaliana aiache ikomae, auze nguzo zake, ila asipande tena, na visiki visichipue. Hapo wengi hudanganyika: mkaratusi ukikatwa haufi, unachipua upya na kuendelea kunywa maji. Tuliandika kwamba visiki vitamenywa magome hadi chini na machipukizi yatakatwa, akasaini mbele ya mtendaji. Katikati ya mikaratusi tumeshapanda mivengi, mti ambao wazee wetu hawakuukata penye maji.

Mita 60 tulizipima kwa kamba, na kamba walishika wenye vinyungu wenyewe. Yeyote aliyeona mpaka umemwonea alirudia kupima. Waliopoteza eneo walipewa kipaumbele kwenye ardhi ya kijiji. Baadhi wamepanda parachichi, lakini parachichi halileti hela mwaka huu wala ujao, na hilo bado linatuumiza kichwa. Sheria ndogo ilipitishwa na mkutano mkuu, ikapelekwa halmashauri.

Maji ya kunywa bado tunachemsha, kwa kuwa mpaka hausafishi bomba. Na kuna mama mmoja hajatoka bondeni; kamati imekubali avune kwanza maharage yake.