Suti ya Ami Ilibaki Lamu

Dadangu ni muuguzi Uingereza, na kwa miaka alikuwa akimwahidi Baba kumpandisha meli. Meli hasa, si boti ya kutuvusha kutoka Lamu hadi Mokowe. Mwaka 2018 akatimiza: safari ya wiki moja kutoka Southampton hadi pwani ya Norwei na kurudi, yeye, Baba, Mama na mimi. Habari za viza naziruka. Aliyewahi kuomba anazijua, na asiyeomba hataniamini.

Kilichotupa shughuli ni mavazi. Dada alitutumia kwenye simu mwongozo wa meli. Jioni nyingi, ulisema, nguo yoyote ya heshima inatosha, lakini ziko jioni 2 za rasmi. Jioni hizo wanaume huvaa suti ya rangi nzito na tai, au ile suti nyeusi ya karamu yenye tai ya kipepeo; wanawake gauni refu au nguo ya sherehe. Kaptura, ndala na makubadhi kwa mwanamume haziingii kwenye chumba kikubwa cha kulia. Asiyetaka kujipamba hafukuzwi melini, apande juu akajipakulie chakula kwenye bufee. Chini kabisa kulikuwa na mstari mmoja: vazi rasmi la taifa la msafiri linakubaliwa.

Niliwasomea dukani kwa Baba, baada ya Alasiri. Ami hakungoja nifike chini. Ami alifanya kazi ya ofisi ya serikali enzi zake, na suti yake aliitunza kwenye sanduku pamoja na vidonge vya nondo. "Suti ipo," alisema, akainuka kwenda kuileta.

Sasa, Baba ni fundi wa kanzu. Duka lake liko Langoni: cherehani moja, meza ya kukatia, na benchi la wateja ambao nusu yao hawana nguo ya kushona, wamekuja kuzungumza. Kumvika mtu huyo suti ya kuazima mbele ya benchi lile si jambo dogo, lakini Ami ni kaka yake mkubwa, akavaa. Mabega yakamshuka, mikono ikameza vidole. Benchi zima likanyamaza kwa adabu, na adabu ya namna ile ni mbaya kuliko kicheko. Baba hakuomba kioo. Aligeuza pindo la koti, akachungulia bitana, akaupitisha ukucha juu ya mshono. "Kazi safi hii," akasema. "Fundi huyu alijua." Ami akafurahi. Kisha Baba akalivua, akalikunja bitana ikiwa nje, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Kaka, hili ni lako. Mimi wameniruhusu nivae langu."

Kumbe mstari wa chini alikuwa ameusoma begani kwangu.

"Basi vaa joho," alisema Ami, hakukubali kushindwa mara moja.

"Joho ni la bwana arusi na la khatibu. Mimi siendi kuoa."

"Jaribu uone," alisema Mama kutoka mlangoni, na hapo ndipo benchi lilipopata ruhusa ya kucheka.

Kijana mmoja akapendekeza jambia kiunoni. Nilimpigia Dada simu kumuuliza, akasema mizigo yote hupitishwa kwenye mashine kama uwanja wa ndege, na kisu hakipandi, kiwe na fedha au kiwe na kutu. Likaamuliwa vazi la wazee wetu la Ijumaa na la arusi za watu: kanzu, koti jeusi juu yake, na kofia ya vito, ile ya matundu yaliyoshonwa kwa mkono. Mimi sikuona shaka tangu mwanzo. Mtu aliyesimama Msikiti wa Riyadha, hapo Lamu, usiku wa Maulidi, akaona safu za wanaume waliovaa, hawezi kuambiwa kwamba Lamu haina nguo ya jioni.

Shida ilikuwa kuifikisha. Dada alitueleza kwamba pasi ni marufuku chumbani kwa sababu ya moto, maana katikati ya bahari hakuna pa kukimbilia. Meli yao ilikuwa na chumba cha kufulia chenye pasi za wote, na siku ya rasmi foleni yake ni ndefu. Au unampa dobi wa meli, unalipa. Baba aliposikia hivyo akaiacha pamba tupu aliyokuwa ameichagua, ambayo hukunjamana ukikaa tu, akachukua pamba iliyochanganywa na polista, nzito kidogo, inayoanguka yenyewe ikitundikwa. Hakuikata mpaka Ramadhani imekwisha. Mwezi mzima alikuwa akishona kanzu za Idd za watu wengine. Kinyozi hajinyoi. Darizi ya shingoni aliimalizia usiku wa mwisho kwa uzi wa hariri rangi ya maziwa, akiwa amekaa chini ya taa na miwani imeshuka puani, na hakutaka asemeshwe.

Kofia ilikuwa kazi ya Mama. Aliishona yeye mwenyewe zamani kwa mkono, tundu moja moja, kila tundu limezungushiwa uzi, kazi ya miezi. Kwa safari hii aliifua kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya mche, bila kuikamua, akaichovya kwenye wanga mwembamba, akaivisha faroma, kile kigogo chenye umbo la kofia, ili ikauke bila kusinyaa. Kila baada ya muda alikuwa akichukua sindano butu na kuyazibua matundu ambayo wanga ulikuwa umeyaziba. Ilipokauka ilikuwa ngumu na nyeupe, ukiigonga inalia. Haikuingia sandukuni. Ilisafiri kwenye kopo la biskuti, ndani ya mkoba wa Mama, na askari wa kila uwanja wa ndege tuliopita alitaka kuliona kopo lile.

Udi nao ulikatazwa. Mishumaa, ubani, chetezo, chochote cha kuwaka, marufuku kama pasi. Mama akasema hawezi kwenda karamuni ananuka sabuni ya hoteli. Usiku wa kuamkia safari akazifukiza nguo zote nyumbani, za Baba, zake, zangu, akazifunga kwenye leso, kisha kwenye mifuko ya plastiki, akaikaza midomo yake kwa mipira. Yeye alikuwa na abaya jeusi lenye darizi ya fedha mikononi. Mimi nilishonewa gauni refu la kijani na mtandio wa rangi yake. Viatu vya visigino nilivinunua Mombasa, nikaviacha dakika ya mwisho nikachukua vya chini, na nilishukuru, maana meli ikianza kuyumba kidogo utawaona wenye visigino wameshika ukuta.

Usiku wa kwanza hakuna aliyevaa chochote cha maana. Masanduku hupakiwa bandarini na kugawiwa vyumbani taratibu, mengine yanafika watu wakiwa mezani, kwa hiyo meli yenyewe haidai mavazi. Siku ya pili tulikuwa baharini mchana kutwa, na jioni yake ndiyo ikawa ya rasmi.

Ilikuwa mwisho wa Juni, Bahari ya Kaskazini. Saa 2 usiku tulipofungua mfuko wa leso, chumba kikajaa udi wa Lamu na jua lingali dirishani. Magharibi yenyewe iliingia baada ya saa 4. Baba alisema hajawahi kuvaa nguo za usiku mchana, akacheka peke yake. Dada alikuwa na hofu ya kofia, kwa sababu Wazungu huvua kofia wakiingia ndani, na hakujua amwambie vipi. Hakumwambia. Mlangoni kwa chumba cha kulia alisimama msimamizi aliyevaa glavu nyeupe. Mbele yetu alikuwa amemwelekeza kwa upole bwana mmoja mwenye fulana na jinzi apande juu bufee. Mama akanishika mkono. Yule msimamizi akamtazama Baba kutoka kofia hadi viatu, akainamisha kichwa, akatuongoza mezani.

Meza ya jirani alikaa mzee wa Kiskoti aliyevaa kilti, ile sketi ya marinda ya wanaume wa kwao. Baba hakula vizuri kwa kuitazama. Samaki alipopoa, akamwomba Dada amuulize yule mzee ni yadi ngapi. Mzee akainuka, akageuka nyuma ili Baba aone marinda, akasema yadi 8.

"Kanzu mbili nzima hizo," Baba akatuambia, kwa heshima kubwa.

Naye mzee akaomba kuiona darizi. Wakasimama pale, wawili wasiojua lugha moja, mmoja ameshika ukosi wa mwenzake na mwingine anahesabu marinda, na wahudumu wakiwazunguka na sahani. Baadaye Baba alinieleza suti za karamu alizoziona: ukosi umefunikwa satini, na utepe wa satini umeteremka ubavuni mwa suruali mpaka chini. Alizipenda. Alisema nyingi zilikuwa zimebana mgongoni, na fundi aliyezikata alipunja kitambaa.

Nje ya ukumbi walikuwa wapigapicha na mapazia yao, kama kawaida ya jioni hizo. Wanakupiga bure, picha wanakuuzia kesho yake. Baba na Mama walipigwa mbele ya pazia la ngazi za dhahabu ambazo hazikuwapo. Asubuhi Baba akaulizia bei, akaigeuza kichwani kuwa shilingi, akairudisha picha ubaoni.

"Kwa pesa hizi napata jora zima," alisema.

Mama alikuwa ameshafungua mkoba. "Jora unalo dukani," akamwambia. "Lipa."

Akalipa.