Mapunye hayaponi kwa krimu

Ukitaja fangasi kwenye duka la dawa, unapewa tyubu. Mtoto ana mabaka kichwani, tyubu. Ukucha wa dole gumba umekuwa mnene na wa njano, tyubu. Kijana ana madoa meupe mgongoni, tyubu ile ile. Wengine wanapona, wengi wanarudi baada ya mwezi wakiwa na hali mbaya zaidi. Fangasi hawa wengi wanakula keratini, na keratini ipo kwenye ngozi ya juu, kwenye unywele na kwenye ukucha. Krimu inafika kwenye ngozi ya juu tu. Ndani ya shina la unywele na chini ya ukucha haifiki, hata ukipaka mara nne kwa siku.

Basi tuanze na kichwa, maana huko ndiko watu wanakopoteza muda na pesa zaidi.

Mapunye ni ugonjwa wa watoto, hasa wa umri wa kuanza shule. Mpeleke mtoto kwenye mwanga wa dirisha na utazame kwa karibu. Fangasi aliyeenea sana Afrika Mashariki, Trichophyton violaceum, anaingia ndani ya unywele na kuudhoofisha hadi ukatike sambamba na ngozi, kwa hiyo ndani ya baka unaona vidoti vyeusi vimetapakaa. Jamii ya Microsporum inakata unywele milimita chache juu ya ngozi, na baka linabaki na visiki vya kijivu kama limemwagiwa majivu. Baada ya kutazama, papasa kisogoni na nyuma ya masikio. Ukikuta vitezi vimevimba, na magamba yapo, na nywele zimekatika, huhitaji kubahatisha tena. Mba wa kawaida haukati nywele na hauvimbishi tezi. Tena mba kwa mtoto ambaye hajabalehe si jambo la kawaida; mama akisema "mwanangu ana mba tu", tazama upya.

Kuna vitu viwili vinavyofanana nayo. Baka laini kabisa lisilo na gamba hata moja, nywele zimetoka zote, kwa kawaida ni kinga ya mwili inayoshambulia mashina ya nywele, na dawa ya fangasi haina kazi hapo. Nywele zilizoisha kwenye paji na pembeni mwa masikio ya msichana anayesukwa kwa kuvutwa ni kazi ya msuko.

Halafu kuna sura moja inayodanganya hata wahudumu wa afya: uvimbe laini kichwani, unaovuja usaha kupitia matundu mengi, una maumivu, na ukishika nywele zake zinang'oka bila shida. Unaonekana jipu. Ukipasuliwa hautoi usaha wa maana, na kovu linabaki. Huo nao ni mapunye, ila mwili umeamua kupigana kwa nguvu. Dawa ni vidonge vya fangasi, vianze mapema. Ukichelewa, pale hapaoti nywele tena maisha yote. Antibayotiki huongezwa pale tu bakteria nao wameingia.

Vidonge vyenyewe: griseofulvin miligramu 15 hadi 20 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, wiki 6 hadi 8, wakati mwingine zaidi. Mtoto wa kilo 16 anahitaji kati ya miligramu 240 na 320, yaani nusu ya kidonge cha miligramu 500 kila siku. Kwa wiki 8 ni vidonge 28. Hesabu hii ifanyike mapema, kwa sababu kosa linalorudisha mapunye kuliko mengine yote ni kununua dozi ya wiki mbili. Kosa la pili ni kumpa mtoto dawa na chai ya rangi. Griseofulvin inanyonywa vizuri ikiwa na mafuta: maziwa yasiyotolewa mafuta, yai, karanga, parachichi, chapati. Tumbo tupu, sehemu kubwa ya dawa inapita na kwenda zake. La tatu, nywele zinaanza kuota baada ya wiki chache na mzazi anaona kazi imeisha. Fangasi bado yumo kwenye sehemu ya unywele iliyokuwepo kabla ya dawa. Lazima unywele huo usogee juu na kukatwa.

Pale ambapo fangasi ni wa jamii ya Trichophyton, terbinafine inafanya kazi vizuri na kwa muda mfupi zaidi, wiki 4. Mtoto wa chini ya kilo 20 anapewa miligramu 62.5, yaani robo ya kidonge cha 250. Wa kilo 20 hadi 40 nusu. Zaidi ya hapo kidonge kizima. Kwa mtoto wa kilo 16 ni vidonge 7 tu kwa matibabu yote. Dhidi ya Microsporum ni dhaifu, na hapo griseofulvin inashinda. Mtoto wa chini ya miaka miwili aachiwe daktari. Griseofulvin haitumiki kwa mjamzito, na hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, jambo ambalo mtu mzima anayeitumia hana budi kulijua.

Shampuu ya ketoconazole asilimia 2 au ya selenium sulfide, mara mbili kwa wiki, povu likae dakika 5 kabla ya kusuuza, haiponyi mapunye. Kazi yake ni kupunguza mbegu za fangasi zinazodondoka kwenye mto na kwenye kofia ya shule. Watoto wote wa nyumba hiyo waoshwe nayo hata wasio na baka, na wakaguliwe vichwa, maana mtoto anaweza kubeba fangasi bila dalili yoyote. Kunyoa upara nako hakuponyi. Shina liko chini ya wembe. Chanuo na brashi za plastiki loweka dakika 10 kwenye dawa ya klorini: kama chupa imeandikwa asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa sita vya maji. Mashine ya kinyozi ni chuma, klorini inaila, kwa hiyo fungua meno yake, toa nywele zote kwa brashi, ndipo upake dawa yake ya kusafishia. Kile kisanduku chenye taa ya bluu kwenye saluni hakisaidii kitu kama meno bado yamejaa nywele za mteja wa jana. Mtoto akishaanza vidonge, hakuna sababu ya kumzuia shule.

Sasa vipimo. Ipo taa ya urujuani inayoitwa taa ya Wood, na wapo wanaoitumia kukata shauri: baka limeng'aa kijani, ni fangasi, halikung'aa, siyo. Kwa mazingira yetu huo ni mtego. Microsporum anang'aa. Trichophyton violaceum hang'ai kabisa. Taa ikikaa kimya, hujajua chochote.

Kipimo cha kweli ni cha bei ndogo na hakihitaji mashine kubwa, kinahitaji mkono mzuri. Futa baka kwa spiriti ya asilimia 70 ili kuondoa mafuta na krimu, acha pakauke. Kwangua kwa kisu butu kwenye ukingo wa baka, pale linapotanuka. Katikati mara nyingi pameshapona na fangasi hayupo. Kama ni kichwa, chukua visiki vya unywele pamoja na magamba. Unywele mrefu mzima hauna maana. Dondosha magamba kwenye karatasi nyeusi ili uyaone, yahamishie kwenye slaidi, weka tone la KOH (potasiamu hidroksidi, kemikali inayolainisha magamba) asilimia 10 hadi 20, funika kwa kioo, subiri dakika 5 hadi 10. Magamba ya ukucha yanataka nusu saa au zaidi. Punguza mwanga wa darubini, kwa sababu nyuzi za fangasi zinapotea kwenye mwanga mkali. Unachotafuta ni uzi wenye upana ule ule, uliogawanyika kwa vikuta, unaopita juu ya mipaka ya seli bila kuijali. Uzi unaofuata mipaka ya seli ni mipaka yenyewe. Uzi mmoja mnene usio na vikuta ni wa pamba ya nguo. Na mgonjwa aliyepaka krimu ya fangasi juzi anaweza kutoa jibu hasi la uongo. Aache kwanza wiki mbili.

Kuna chuo Moshi, RDTC (Regional Dermatology Training Centre), ndani ya hospitali ya KCMC, ambacho tangu 1992 kinafundisha wahudumu wa afya wa nchi mbalimbali za Afrika magonjwa ya ngozi. Mtu aliyepita pale hutegemea sana jicho na kipimo hiki, na ndivyo inavyopaswa.

Kwenye ngozi ya mwili, zile duara ambazo Kenya wanaziita mashilingi, krimu inafaa kweli. Clotrimazole asilimia 1 mara mbili kwa siku kwa wiki 2 hadi 4, au terbinafine asilimia 1 kwa wiki 1 hadi 2. Paka ukivuka ukingo wa baka kwa sentimita 2 kila upande, kwa kuwa fangasi ameshatangulia mbele ya kile unachokiona. Kwa clotrimazole endelea wiki moja hadi mbili baada ya ngozi kuwa safi. Mafuta ya Whitfield, benzoic acid asilimia 6 na salicylic acid asilimia 3, ni ya zamani, ni rahisi, na bado yanaponya; tatizo yanawasha na kuchoma, hivyo usiyapake usoni wala kwenye mapaja. Kitunguu saumu kibichi kilichopondwa na kufungwa juu ya baka kinaunguza ngozi, achana nacho.

Shida kubwa ni krimu za mchanganyiko. Geuza tyubu usome viambato. Ukiona clobetasol, betamethasone, dexamethasone au triamcinolone pamoja na dawa ya fangasi na antibayotiki, hiyo ina steroidi. Siku ya pili muwasho umekwisha na wekundu umefifia, mgonjwa anafurahi. Steroidi imezima kinga ya ngozi, fangasi anaenea bila upinzani. Ukingo wa duara unafutika, baka linatambaa mapajani mpaka kiunoni, vinatokea vipele vya usaha, na hata mtaalamu anaanza kufikiria ugonjwa mwingine. Akiacha kupaka, baada ya siku chache muwasho unarudi kwa hasira, naye anaamini kwamba krimu ndiyo ilikuwa inamponya. Anarudi dukani. Mzunguko huo unaweza kuchukua miaka, na mwisho wake ni ngozi nyembamba yenye michirizi isiyofutika. Krimu nyingi za kujichubua nazo zina clobetasol, kwa hiyo muulize mgonjwa na hilo, kwa upole. Dawa hapa ni kuacha steroidi kabisa na mara nyingi kutumia vidonge. Habari njema ndogo: magamba ya mgonjwa wa namna hii yamejaa fangasi, darubini inawaona mara moja.

Wasomaji wa Oman, Dubai na wanaosafiri India wajue kuna fangasi mpya anayeitwa Trichophyton indotineae, aliyepewa jina 2020, na mwaka 2023 akaripotiwa New York. Wengi wake hawasikii terbinafine. Mabaka mapana kiunoni na makalioni yasiyopungua baada ya terbinafine kamili yanahitaji magamba yake yaoteshwe maabara na kwa kawaida dawa nyingine ya fangasi, itraconazole, kwa wiki 6 hadi 8 au zaidi, chini ya daktari, hasa kwa mwenye ugonjwa wa moyo, maana dawa hiyo inaweza kuudhoofisha.

Utangotango, yale madoa meupe au ya kahawia ya kifuani na mgongoni, hauambukizwi na hautokani na uchafu. Kwangua doa kwa ukucha, unga mwembamba utatoka. Shampuu ya ketoconazole ipakwe kama losheni dakika 5 kwa siku 5, au selenium sulfide asilimia 2.5 dakika 10 kwa siku 7. Griseofulvin haigusi fangasi huyu, wala vidonge vya terbinafine. Rangi inachukua miezi kurudi; doa lisilotoa unga tena limepona hata kama bado ni jeupe. Ila kabla ya kupaka chochote juu ya baka lililopauka, ligusishe kwa ncha ya pamba mgonjwa akiwa amefumba macho. Asipohisi, huo si utangotango. Aende akapimwe ukoma, ambao unatibika na dawa zake ni bure.

Kucha nazo. Karibu nusu tu ya kucha zilizoharibika zina fangasi; zilizobaki ni kiatu kinachobana, psoriasis (ugonjwa wa ngozi usio wa kuambukiza), au pigo la zamani. Kwa hiyo usianze vidonge vya miezi mitatu bila kipimo. Kata ukucha uliooza, utupe ncha, kisha kwangua unga wa chini kwa ndani kabisa, karibu na sehemu nzima. Terbinafine miligramu 250 kwa siku, wiki 6 kwa vidole vya mikono na 12 kwa vya miguu, baada ya kupima ini. Mkojo ukiwa mweusi au macho ya njano, acha dawa siku hiyo hiyo. Ketoconazole ya vidonge isitumike kwa kazi hii. Tangu 2013 mamlaka za dawa za Marekani na Ulaya ziliikataa kwa sababu ya ini. Ikiwa kilichovimba ni nyama ya pembeni mwa ukucha, kwa mtu anayeosha vyombo au kufua kutwa, kwanza ni maji: glavu zenye pamba ndani na kukausha vidole, ndipo dawa.

Ukucha wa dole gumba la mguu unaota milimita moja na nusu hivi kwa mwezi, kwa hiyo siku ya kumaliza vidonge bado utaonekana mbaya. Chora alama ndogo kwa tupa ya kucha pale sehemu nzima inapokutana na iliyoharibika. Alama ikisogea mbele na nyuma yake pakabaki safi, subiri tu, inaweza kufika mwaka na nusu. Njano ikivuka alama kurudi kwenye shina, rudi maabara kabla ya kununua paketi nyingine.