Nilivyofuatilia maana na asili ya neno drubbing

Anayetafsiri habari za michezo kutoka Kiingereza hawezi kulikwepa neno drubbing. Kamusi ndogo hutoa jibu moja, kipigo, na hapo ndipo tafsiri hupwaya. Kwetu hata 1-0 ni kipigo. Drubbing haisemwi mpaka upande mmoja uelemewe kabisa, kama Brazil ilivyofungwa 7-1 na Ujerumani Julai 2014. Mimi huandika "kichapo kizito", na nikihitaji kitenzi natumia "kugaragazwa". Ila filamu ikipata drubbing hakuna aliyeshindwa: wahakiki wameiponda, basi.

Kwenye asili nilianza na tarehe kabla ya sauti, maana maneno mawili yanaweza kufanana kwa bahati tu. Kamusi kubwa ya Oxford hupanga mifano kwa miaka. Kitenzi drub, kilichozaa drubbing, kinaonekana mwaka 1634 katika kitabu cha Thomas Herbert, Mwingereza aliyefika Uajemi pamoja na ubalozi uliotumwa kwa Shah Abbas, mfalme wa huko. Mifano ya kabla ya 1663 yote ni ya wasafiri wa nchi za Mashariki, na yote inahusu adhabu moja: mtu anafungwa miguu, nyayo zinaelekezwa juu, kisha anachapwa fimbo kwenye nyayo hizo. Kwangu huu ndio ushahidi wenye uzito, kwa sababu unaonyesha neno lilikuwa midomoni mwa nani na lilitaja kitu gani. Ndiyo maana wanakamusi wanalielekeza kwenye kitenzi cha Kiarabu daraba, kupiga. Huweka "pengine" mbele yake, ukinukuu, usiliache.

Konsonanti ya kwanza nayo ina la kusema. Herufi dhad ya Kiarabu Waajemi huitamka z, kwa hiyo pigo kwao ni zarb. Waturuki wana darbe, kwa d. Ingawa Herbert aliandika juu ya Uajemi, d ya drub inanifanya niwatazame zaidi Waarabu na Waturuki.

Mzizi huohuo ndio uliotupa dharuba, au dhoruba. Kamusi za zamani za Kiswahili huipa maana ya pigo na ya tufani pia, lakini kwenye habari za mpira siitumii: msomaji wa leo akiona timu imepata dhoruba, atafikiria mvua na upepo.