Rada Inaona Mvua, Chamchela Haioni

Mimi ni rubani wa ndege ndogo, njia zangu ni Tanga, Pemba na Unguja. Kwenye njia hizo chamchela ya baharini si hadithi ya wazee: unaikuta imening'inia chini ya wingu, na abiria wa nyuma wameshatoa simu wapige picha. Nilitaka kujua kama rada ya ndege inaweza kunipa habari zake mapema.

Chamchela yenyewe haitaionyesha, hilo nililielewa upesi. Rada yetu imefungwa kwenye bawa la kulia, inatuma mawimbi ya kama sentimita 3, na yanayorudi ni yaliyogonga matone ya mvua. Antena ni ndogo, kwa hiyo mwale wake ni mpana. Ukiwa wa nyuzi 10, kilomita 18 mbele umeshatanuka kufikia kilomita 3, wakati mkonga wa chamchela mara nyingi ni wa makumi ya mita tu. Tena mkonga huo si bahari iliyonyonywa kwenda juu, kama tunavyobishana vijiweni. Sehemu kubwa ni mvuke uliogeuka vitone vidogo mno, ambavyo rada ya namna hii haivihisi.

Wenzetu watafiti wana vyao. Ndege mbili za P-3 za NOAA, taasisi ya Marekani ya bahari na hali ya hewa, zina rada mkiani inayopima kama matone yanakuja karibu au yanakwenda mbali. Inatazama mbele kidogo, kisha nyuma kidogo, na wingu moja likishapimwa kwa pembe mbili, upepo wake unachorwa. Mimi nina kijani, njano na nyekundu tu, za kuonyesha ukali wa mvua.

Kilichonisaidia ni kazi ya Joseph Golden, aliyezifuatilia chamchela za Florida Keys. Mwaka 1974 alieleza maisha ya chamchela kwa hatua 5: doa jeusi juu ya maji, mistari ya mzunguko, pete ya manyunyu, mkonga kukomaa, halafu kufifia. Doa linaweza kuonekana kutoka angani kabla mkonga haujashuka. Na mara nyingi kinachoimaliza ni hewa baridi inayoshuka na mvua ya wingu lile lile lililoizaa.

Basi nyekundu kwenye kioo inaweza kuwa habari ya jana. Naikwepa bado, kwani misukosuko ya huko haina mchezo, ila kwa chamchela natafuta wingu linalokua. Nikiwa karibu, nainua antena kidogo kidogo. Kijani kikitokea juu na chini hakuna kitu, mvua inaundwa lakini haijafika baharini, na hapo macho yanatoka kwenye kioo yanakwenda kwenye maji. Antena usiiinamishe mno, maana bahari nayo itajichora, ukadhani ni mvua.

Lakini uangalie wingu lipi kati ya yote? Hilo nilijibiwa kwenye soko la samaki la Deep Sea, Tanga, na nahodha mmoja mtu mzima. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu.

"Mwanangu, weusi wa wingu hautushughulishi," akasema. "Sisi tunatazama pepo mbili zinapokutana. Upepo wa umande unatoka bara, kaskazi inakuja, maji pale yanabadilika rangi. Hapo tunashusha tanga."

Ndivyo ilivyo. Pepo zikipishana huacha mzunguko mlegevu juu ya bahari, na hewa inayopanda ndani ya wingu changa inaunyoosha hadi unakaza na kwenda kasi. Siku hizi asubuhi za kaskazi naanza na safu ya mawingu yenye vitako bapa, ile iliyojipanga sambamba na pwani, ndipo naigeuzia rada. Nikiona doa, nazunguka mbali na safu nzima na kuripoti redioni.

Kwa usiku sina njia. Doa halionekani gizani, na kijani peke yake hakitoshi. Bahati nzuri safari zetu ni za mchana.