Nilivyoandaa darubini yangu kwa jua la Rujewa

Darubini yangu ni ndogo. Lenzi ya mbele ina upana wa milimita 80, urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka lenzi hadi mwanga unapokusanyika, milimita 400, na yote inaenea kwenye begi la mgongoni. Niliposikia kwamba tarehe 1 Septemba 2016 jua litapatwa kipete, yaani mwezi utalifunika katikati na kuacha pete ya mwanga pembeni, na kwamba Rujewa, kule Mbarali mkoani Mbeya, imo kwenye njia ya kivuli cha mwezi, sikuwaza kutafuta kubwa zaidi. Jua lina mwanga wa kumwaga. Kazi yote ni kuupunguza, na kufika na chombo kizima.

Nilianza na kichujio. Nilipata karatasi ya Baader AstroSolar, ile inayong'aa kama foili, ambayo hupitisha sehemu moja tu kati ya 100,000 ya mwanga. Nikakata pete mbili za boksi gumu, nikaiweka karatasi katikati, nikazungushia ukingo wa boksi mpaka ikawa kofia inayovaa mdomo wa darubini kwa kubana. Karatasi hiyo haivutwi ikakaza kama ngozi ya ngoma. Ikibaki na mikunjo midogo haidhuru, lakini ukiivuta taswira inaharibika. Kofia ikae mbele, jua linapoingilia. Darubini yangu ilikuja na kichujio kidogo cha kufungwa kwenye lenzi ya jicho, pale ambapo mwanga wote umeshakusanywa. Vile hupasuka kwa joto jicho likiwa hapohapo. Nilikivunja kabisa, asije mtu akakiokota akakitumia.

Ile darubini ndogo ya kulengea niliing'oa nikaiacha nyumbani, maana nayo haina kichujio na watoto hawakawii kuchungulia. Jua nililenga kwa kivuli: unageuza bomba taratibu huku ukitazama chini, kivuli chake kikiwa kifupi kuliko vyote na cha mviringo, jua liko ndani.

Jambo ambalo nusura linikwamishe nililigundua kwa kufanya mazoezi uani, Dar es Salaam, saa sita mchana. Kupatwa kwenyewe kulitarajiwa kufikia kilele saa sita kasoro dakika chache, jua likiwa karibu na utosi. Nilipoinua bomba kiasi hicho, sehemu ya nyuma iligonga mguu wa stendi, na ili kuchungulia ilinibidi nipige magoti. Nikatafuta kioo cha pembe kinachopindisha mwanga ili mtu aangalie akiwa ameinama kidogo tu, nikalisogeza bomba mbele kwenye kishikizo chake, na katikati ya stendi nikaning'iniza dumu la maji la lita tano ili upepo usiitikise. Siku tatu mfululizo nilifunga na kufungua kila kitu hadi nikawa natumia dakika sita.

Safari ilikuwa ya basi. Utingo alitaka begi liingie buti. "Kaka, humu ndani hakuna nafasi." Nikamwonyesha lenzi zilizoviringishwa kwenye khanga, nikamwambia nitalipakata, naye akaniacha. Nililipakata Mikumi yote, mlima Kitonga, hadi Makambako, na miguu ilikufa ganzi.

Usiku ule Rujewa, chumbani, nilizima taa nikawasha tochi nyuma ya kichujio. Hiyo ni desturi ambayo siiachi hata mara moja. Katikati ya giza ikaonekana nukta moja ya mwanga, kali, kama nyota. Njiani kitu kilikuwa kimeichoma karatasi. Tundu halikufika hata ukubwa wa ncha ya pini, ila sikuwa tayari kumwekea mtoto wa mtu jicho nyuma yake. Bahati nilibeba kipande cha akiba, mkasi na gundi ya karatasi. Mama mwenye nyumba alinishikia tochi huku nikibandua pete, akauliza, "Sasa mwanangu, hiki kidude ndicho kitakachotuonyesha?" Nikamjibu ndicho, na kesho yeye atakuwa wa kwanza. Tulimaliza usiku mkubwa, tukapima tena kwa tochi. Giza tupu.

Asubuhi nilisimamisha darubini kando ya mwembe. Nchi ya Usangu mwezi huo ina vumbi, kwa hiyo brashi laini ilikaa mfukoni na bomba nikalifunika khanga nyeupe lisipate moto. Kofia niliibana kwa vipande vitatu vya mkanda wa gundi, kwa sababu kwenye kupatwa kwa kipete kichujio hakitoki hata sekunde moja. Mwezi siku ile ulifunika takriban asilimia 97 ya kipenyo cha jua, na ukingo uliobaki unatosha kabisa kuunguza jicho.

Saa nne na robo hivi mwezi ulianza kuling'ata jua. Niliweka lenzi ya milimita 25, inayokuza mara 16 tu: jua lote linaonekana na nafasi inabaki, hivyo hulazimiki kulifuata kila baada ya sekunde chache. Foleni ikawa ndefu. "Mjomba, na mimi!" Tulikubaliana kila mtu ahesabu hadi tano. Mwanga ulipopoa ukawa kama wa jioni isiyo na wekundu, vidoa vya mwanga katikati ya vivuli vya majani chini ya mwembe vikageuka hilali, mamia, kisha vikawa pete. Mama alikuwa na jicho kwenye lenzi wakati duara linafunga. Hakusema neno, alinishika mkono tu. Sikumhesabia.

Pete ilidumu karibu dakika tatu.

Sasa ninajiandaa kwa kupatwa kwa jua kwa tarehe 2 Agosti 2027. Kule Luxor, Misri, jua litafunikwa lote kwa zaidi ya dakika sita, nalo litakuwa karibu na utosi vilevile, kwa hiyo kioo cha pembe na dumu la maji vinarudi kazini. Tofauti ni kofia. Safari hii itabidi itoke jua likishafunikwa kabisa na kurudi kabla halijachungulia, bila kutikisa bomba. Nimeondoa mkanda, nikaweka bawaba ndogo ya kitambaa, na jioni ninafanya mazoezi ya kuifungua na kuifunga gizani kwa mkono mmoja.